Maziwa ya Emanueli Yalitoka kwa Nani

Ng'ombe wa kwanza niliyempa kazi ya kulea mtoto wa wazazi waliotengana hakuwa wa baba wa mtoto, wala hakuwa wa mama. Alikuwa wa mjane mmoja wa Gehandu ambaye hata hakujua kama kuna shauri. Naanza na kosa hilo, wanangu, ili mjue mapema kwamba anayewasimulia hakuzaliwa na utaalamu. Mkitaka kucheka chekeni sasa, maana mbele kuna kosa jingine, na hilo halichekeshi.

Ninyi mlioajiriwa juzi kwenye ustawi wa jamii nawaona mnavyofanya. Mnatoa fomu, mnauliza mshahara, mnagawa, baba anatuma fedha na simu ya mama inalia. Vizuri. Sisi wakati ule baba wengi hawakuwa na mshahara, na fomu hazikuwepo. Mimi nilikuwa Bibi Maendeleo, binti wa Kilosa niliyepelekwa Mbulu na kanga mbili na koti la kuazima. Asubuhi ya kwanza niliposhuka kwenye lori niliona moshi unatoka kinywani mwangu nikadhani ni ugonjwa. Kazi niliyotumwa ilikuwa kuwafundisha akina mama bustani za mboga, usafi na kisomo. Sheria mpya ya ndoa ilipokuja nikaongezewa ukatibu wa baraza la usuluhishi. Watu wakishindwa kupatana, baraza liliwasaidia kukubaliana mtoto atatunzwaje, mimi naandika, hakimu wa mahakama ya mwanzo anagonga muhuri.

Mtoto atatunzwaje. Swali hilo lilinivutia tangu siku ya kwanza na halijaniacha, maana kila nyumba ilinijibu tofauti.

Yustina alikuja ofisini asubuhi moja ya ukungu, mtoto mgongoni. Alikuwa amerudi kwa wazazi wake Nambis miezi michache kabla. Sababu za kuachana na mume wake, Petro, sitazisema. Zilikuwa zao na walikwisha kuzimaliza. Mtoto aliitwa Emanueli. Alikuwa amepita mwaka mmoja kidogo, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, miguu imevimba, halii, anatazama tu. Mimi mtoto anayelia hanitishi. Huyu alinitisha.

"Muuguzi amesema apate maziwa kila siku," Yustina akaniambia. "Akikosa, amesema masika haya hatamaliza. Kwa baba yangu hakuna ng'ombe wa kukamua. Kwa Petro wako."

Petro alikaa ng'ambo ya korongo, hapo hapo Nambis. Ukisimama uani kwa Yustina unaona paa lake. Nikasema nitakwenda kuwaona hao ng'ombe kwa macho yangu. Wakati ule huko ng'ombe walilala ndani ya nyumba moja na watu, kwa sababu ya baridi na fisi, hivyo ukitaka kuwahesabu unafika alfajiri wakati wanafunguliwa. Nilifika. Wakatoka mmoja mmoja mlangoni. Saba, watatu wananyonyesha. Petro alisimama pembeni na fimbo yake.

"Hawa ni saba?" nikamuuliza.

"Ni saba, mama."

Hakudanganya. Nami sikuuliza ni wa nani. Kwetu ng'ombe aliyelala nyumbani kwako ni wako, kama kuku.

Siku ya baraza nikasimama na daftari langu, nikasoma saba kwa sauti. Tukapendekeza ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake wakae kwa Yustina mpaka mtoto afike umri wa shule. Petro alitazama chini kwa muda mrefu, akamtazama katibu wa kijiji aliyekaa na kalamu yake, akatazama chini tena. "Sawa," akasema. Mimi nikajiona hodari kweli kweli.

Nje alikuwa ameketi Mzee Bura, tarishi wa mahakama. Huyo ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa mshahara wake ulikuwa mdogo kuliko wangu na hakujua kusoma hata barua alizokuwa anazipeleka. Alikuwa anakumbuka ipi ni ya nani kwa mkunjo wa bahasha. Akavuta ugoro, akapiga chafya, akasema, "Bibi, umehesabu vizuri sana. Umehesabu mikia."

"Ng'ombe si ana mkia mmoja, mzee?"

"Mmoja. Lakini hausemi mwenye ng'ombe ni nani."

Nilidhani ni maneno ya ugoro. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na langu lilivunjika baada ya miezi miwili.

Kwa miezi hiyo miwili Emanueli alibadilika. Nilikuwa napita Nambis makusudi kumwona. Uvimbe ulipungua, akaanza kutambaa, halafu siku moja akanililia kwa hasira kwa sababu nilimshika sikio. Nilifurahi kile kilio kuliko wimbo.

Ndipo akaja Mama Paskalina. Mwanamke mrefu, mkavu, blanketi jeusi begani, miguu ina vumbi la njia nzima kutoka Gehandu.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiyo serikali?"

"Mimi ni Bibi Maendeleo."

"Haya, maendeleo. Nimetembea siku mbili. Ng'ombe wangu amehama bila kuniaga."

Akanieleza kwa upole uliokuwa mbaya kuliko matusi. Yule ng'ombe alikuwa wake. Alimweka kwa Petro amtunze: Petro anakunywa maziwa na kupata samadi, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Huko kila mwenye ng'ombe hufanya hivyo. Unaweka mmoja kwa huyu, wawili kwa yule, mbali na mbali, ili ugonjwa ukiingia nyumba moja usikumalize, na ili jirani asijue una wangapi. Na aliyepewa hatangazi. Mtu anayetaja mbele ya watu ng'ombe aliowekewa ni wa nani, hawekewi tena na mtu. Ndiyo maana Petro alisema sawa. Ilikuwa ama avunje siri ya mjane mbele ya baraza zima, ama atoe ng'ombe asiye wake na kuomba Mungu masika yapite kabla hajajulikana.

Nikaenda kwa Mzee Bura. "Mzee, ulijua?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza?"

Tukaondoka watatu kwenda Nambis kumrudisha ng'ombe: mimi, Mzee Bura na Mama Paskalina mbele yetu, hachoki. Njia nzima nilikuwa nafikiria kitu kimoja tu. Ng'ombe akitoka, mtoto anarudi kule alikokuwa, na aliyemrudisha ni mimi. Nawaambia ukweli, nilikuwa naomba mjane amwone mtoto amwonee huruma, yaishe.

Tulimkuta Emanueli uani ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili, mdomo mweupe. Mama Paskalina akamtazama. Akamtazama ng'ombe. Akampapasa shingo, akamwita kwa sauti ya chini, ng'ombe akamnusa kiganja.

"Ng'ombe ni wangu," akasema. "Namchukua."

Yustina hakulia. Alimwinua mtoto, akasema, "Ni haki yako, mama. Mimi niliambiwa ni wa Petro."

"Nani aliniomba?" mjane akauliza. Sasa alikuwa ananitazama mimi. "Petro aliniomba, nikampa Petro. Wewe binti hukuniomba. Serikali nayo haikuniomba. Ng'ombe wangu anatembea tu kama mbwa asiye na mwenyewe."

Mzee Bura akanigusa kwa kiwiko. Kuna vitu hufundishwi chuoni. Nikavua viatu sijui kwa nini, nikapiga magoti pale kwenye samadi, mtumishi mzima na daftari langu, nikasema, "Shikamoo tena, mama. Nimekosa. Sikuuliza. Nakuomba."

Yustina naye akapiga magoti. "Nakuomba ng'ombe, mama. Nitamtunza. Ndama atakuwa wako."

Mjane akatuonyesha kwa mkono tuinuke. "Marahaba," akasema. "Hivyo ndivyo ilitakiwa ianze." Akaweka sharti: ng'ombe atabaki mpaka mvua za mwakani, kisha atarudi Gehandu kwa binti yake atakayekuwa amejifungua. Kabla ya kuondoka akamwangalia Emanueli, akaniambia mimi, "Huyu ana baba. Baba atoe cha kwake."

"Hana chake, mama. Wale saba Mzee Bura ameniambia njiani wote ni wa watu, isipokuwa dume moja."

"Kama hapo wamelala wa watu," akasema, "wa kwake wamelala wapi?" Akajitupia blanketi begani akaondoka zake.

Hilo ndilo swali lililofanya mimi niwe mtu wa kazi hii. Mpaka siku ile nilikuwa natazama kilichopo. Tangu siku ile nikaanza kujiuliza kisichoonekana kiko wapi.

Mzee Bura alinielekeza namna ya kuuliza. Usimwite ofisini. Usikae naye uso kwa uso. Nenda naye machungani, tembea nyuma ya ng'ombe, ongea habari za mvua, na mkiwa mnatazama mbele wote wawili ndipo uulize. Nilitembea na Petro tangu asubuhi mpaka jua la utosi. Tuliongea habari za nyasi, kupe, na bei ya magadi ya kulambisha ng'ombe kutoka ziwa la Balangida. Mwisho nikasema, "Petro, na wewe si umeweka mahali?"

Akatembea hatua nyingi. "Wawili, mama. Hirbadaw, kwa rafiki yangu. Mmoja ana mimba."

"Yustina anajua?"

"Hajui."

"Kwa nini hukusema kwenye baraza?"

"Katibu wa kijiji si alikuwepo? Wanasema kijiji cha ujamaa kikianza, ng'ombe zitaunganishwa zizi moja. Nikizitaja leo, kesho ni ng'ombe za kijiji. Halafu huyo mtoto atakunywa nini?"

Ulikuwa uvumi tu. Ng'ombe wa Nambis hawakuunganishwa na mtu. Lakini mtu hakosi usingizi kwa sababu ya kesho iliyokuja. Hukosa usingizi kwa sababu ya kesho anayoiogopa. Tukakubaliana pale nyuma ya ng'ombe. Mjane akimchukua wake, Petro atamleta wa Hirbadaw, ila ataletwa na yule rafiki, kwa jina la rafiki, kama ng'ombe wa kuwekwa. Petro akanisimamisha. "Mama, hili libaki hapa porini." Nikaapa.

Sasa karatasi ningeiandikaje? Nikaandika: "Mtoto atapata kikombe cha maziwa asubuhi na kikombe jioni. Baba ndiye ajuaye yatokako." Bosi wangu akairudisha kwa wino mwekundu: "Chanzo cha maziwa hakijaelezwa." Nikajibu: "Chanzo ni ng'ombe." Nilipata barua ya onyo, ninayo mpaka leo, na sijutii hata herufi moja.

Lakini angalieni kilichotokea kwenye ile karatasi, kwa maana hapo ndipo utaalamu ulipo. Mwanzo nilikuwa nimeandika mali ya baba. Mara ya pili niliandika kinywa cha mtoto. Tangu hapo sikuwahi kuanza hesabu kwa baba tena. Nilianza kwa mtoto: anakula mara ngapi, nani anapika, amelala na nani, amevaa nini miguuni. Nilikwenda kuuliza wakati wa njaa kabla ya mavuno, kwa sababu wakati wa mavuno kila baba ni tajiri na kila mama amesamehe. Na nilimuuliza bibi, mama wa mama, maana mama mtu huona aibu kusema mtoto wake amelala na njaa, bibi haoni aibu.

Kulikuwa na karani mmoja, mgeni kama mimi kutoka mkoa mwingine, mwenye mshahara, akadai hawezi kutoa kitu. Alileta ukurasa mzima wa matumizi yake kwa mwandiko mzuri ajabu: kodi ya chumba, rangi ya viatu, betri za redio, pampu ya baiskeli. Nikausoma wote kwa sauti. Mzee Bura akiwa mlangoni na barua zake akauliza, "Samahani, mtoto ameandikwa wapi?" Baraza zima likacheka, karani naye akacheka bila kupenda, na redio ikakaa bila betri mwaka ule.

Turudi Nambis. Mvua zilipokuja Mama Paskalina alimchukua ng'ombe wake kama alivyosema, na wiki ile ile akaletwa wa Hirbadaw: jike la kijivu, pembe moja imeinama, limezaa karibuni. Nilikuwepo. Rafiki yake Petro alikuwa mbele na kamba. Petro mwenyewe alikuja nyuma kabisa, anatazama miti, eti anapita tu. Basi yule ng'ombe kufika uani akasimama, akageuza kichwa, akagoma kuingia mpaka Petro afike.

"Ng'ombe wa mtu wa Hirbadaw," Yustina akasema, "anamsubiri Petro kwa nini?"

Mzee Bura akakohoa. Mimi nikatazama viatu vyangu. Yustina akatutazama wote, mmoja mmoja, halafu akakipeleka kibuyu chini ya kiwele. Siri ya mtungi muulize kata. Hakuuliza tena.

Ng'ombe yule alikaa Nambis masika sita. Ndama dume mmoja aliuzwa, Emanueli akapata sare ya shule na kalamu. Watu wakasema yule mtu wa Hirbadaw ana roho nzuri, mtoto si wake na bado anajali. Petro alikuwa ng'ambo ya korongo na mke mwingine. Alijiweka mbali ili siri isivuje, na watu wakamsema vile anavyosemwa baba aliyejiweka mbali. Mimi nikahamishiwa Hanang, nikafanya kazi mpaka nikastaafu, na kila nilipofundisha vijana nilijisifia shauri lile. Mtoto alipona. Ng'ombe hawakupotea. Kiapo hakikuvunjwa.

Miaka miwili iliyopita akaja hapa kwangu Katesh mwanamume mwenye mvi kidogo, mwalimu, koti limepigwa pasi. "Shikamoo, Bibi. Mimi ni Emanueli wa Nambis."

Nilimshika mikono nikaigeuza huku na huku, nyama tupu, afya. Nikamkaribisha chai. Akaniambia amekuja kuniuliza neno moja, kwa kuwa mimi ndiye nilikuwa baraza. Petro sasa ni mzee, macho hayaoni, mke amefariki, amebaki peke yake. Ukoo unamtaka Emanueli amchukue.

"Nimekataa," akasema. "Nimekuja unisaidie kuwaeleza kwamba nina haki. Bibi, nimekua naliona paa la yule mtu kila siku ya Mungu. Hajawahi kuvuka korongo na hata kibaba cha mahindi. Aliyenilea ni mama na mtu wa Hirbadaw. Mtoto wangu wa kwanza nimempa jina la yule mzee."

Chai ilinipoa mkononi. Wanangu, nilikuwa nimeijua kazi yangu yote wakati ule, au nilidhani. Nilijua kikombe cha asubuhi na kikombe cha jioni. Sikuwahi kujiuliza, mimi mwenye maswali, kama mtoto anahitaji pia kujua nani ameleta kikombe. Nilimpa maziwa nikamnyang'anya baba, na nikaenda nikijisifia. Uvumi wa zizi moja ulikwisha kufa kabla yeye hajafika darasa la pili. Ningeweza kurudi Nambis kwa lori la siku moja nikamwambia Petro, sasa tumwambie mtoto. Sikurudi. Niliona aibu hata kumtazama huyu mwalimu machoni.

"Mama yako hajakwambia kitu?"

"Kitu gani? Nikimuuliza anasema, kamuulize Bibi Maendeleo."

Yustina alikuwa ameikubali siri ambayo hakuambiwa, miaka yote hiyo, na alikuwa ananisubiri mimi.

Nikavunja kiapo. Nikamwambia kila kitu, kuanzia mjane wa Gehandu mpaka jike la kijivu lililogoma kuingia uani. Sikujisafisha. Nikamwambia kosa la kwanza lilikuwa la kuhesabu na hili la pili ni la kunyamaza, na la pili ndilo kubwa.

Emanueli akaweka kikombe chini. Halafu akauliza, "Pembe moja imeinama? Ya kushoto?"

"Ya kushoto."

"Nilikuwa nampelekea magadi," akasema. "Siku moja nilimchapa fimbo, mama akanikimbilia akaninyang'anya. Akasema, usimpige huyo, hapo ndipo baba yako alipo. Nilidhani amekasirika tu, anatukana."

Akasimama. Nikamwambia angoje chai nyingine, akakataa kwa adabu. Akauliza gari la Mbulu linapita saa ngapi, maana anataka kuvuka korongo kabla ya giza.